SAA MOJA KWA KILA MTOTO WA NYUMBA



Leo napenda tufundishane juu ya kusoma kule nyumbani. Wengi wanasema: «Kwetu kazi ni mingi, sina wakati.» Neno hilo ni la kweli kwa wengine, lakini si kwa wote sawasawa. Tuangalie vizuri.

1. Kichwa kinasahau mbio. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akatoa kitabu juu yake mwaka 1885. Aliona ya kuwa tunapoteza mambo mengi katika saa za kwanza, kisha kusahau kunaenda polepole. Aliona tena kwamba kurudilia katika siku mbalimbali kunashinda kurudilia mara mingi siku moja. Basi, mwenye kusoma saa moja kila siku, tangu siku ya kwanza mpaka posho, anapata saa 6. Mwenye kukesha usiku mmoja naye anapata saa 6. Hesabu ni moja, lakini kiisha mwezi yule wa kwanza atakumbuka zaidi.

2. Namna ya kutumia saa ile. Soma lisomo, funga kaye, andika kwa karatasi yale unayokumbuka. Halafu fungua, usahihishe. Kusomasoma tu kunadanganya: macho yanazoea ukurasa, nawe unafikiri unajua.

3. Nani anakosa saa ile? Hapa ndipo neno langu kubwa. Kaka na dada wako kalasi moja. Wakitoka masomo, dada anateka maji, anatwanga sombe, anapika bugali, anaosha masahani, tena mtoto mdogo iko mgongoni. Kaka anakula, anaenda kucheza mpira. Usiku dada anafungua kaye na usingizi machoni. Enterogasio ikirudishwa, tunasema huyu msichana hana akili. Kumbe alikosa saa, si akili.

Wavulana, bidoni ya litri 20 ni kilo 20. Mnaiweza. Msingoje baba atoe amri. Semeni: «Mama, maji ya leo nitateka miye, dada asome kidogo.» Mzazi anasikia upesi neno lenye kuja na kazi mkononi.

Wasichana, msikatae kazi ya mama, maana naye anachoka. Ombeni saa yenye jina: kwa mfano saa kumi mpaka saa kumi na moja, wakati jua lingali, bila kuhangaikia umeme wala taa.

Sisi wa mwaka wa mwisho tunangoja egzamini ya Leta, ile iliyoanza mwaka 1967. Katika sehemu moja, maswali ya mvulana na ya msichana ni yale yale. Yafaa basi na wakati wa kujitayarisha ulingane.

Maswali ya juma hii:
a) Jana, kwenu, nani aliteka maji? Nani aliosha masahani?
b) Nani alipata saa moja ya kusoma, na nani hakupata?
c) Kazi gani moja utaipokea wewe kuanzia leo?

Jibuni kwanza nyumbani, halafu tutaongea kalasini.

Msimamizi wa wanafunzi,
mwaka wa mwisho