Kabla ya Rambirambi

Msiba ukitokea mtaani, hatuhitaji kufundishwa. Turubai linafungwa kabla ya jioni, daftari la michango linazunguka, akina mama wanashika masufuria. Kuzika wafu ni mojawapo ya matendo saba ya huruma ya kimwili, na tunalitenda kwa moyo. Tunalegea kwenye tendo lililo jirani yake: kumtembelea mgonjwa, hasa yule ambaye hafi wala haponi. Mzee aliyepata kiharusi mwaka juzi alijaziwa wageni mwezi wa kwanza. Leo jina lake limebaki kwenye nia za maombi tu, na mkewe hajapata usingizi wa usiku mzima tangu siku ile.

Habari ya Msamaria katika Luka 10 tunapenda kuikatisha pale anapoguswa moyo. Yanayofuata ndiyo yenye mafunzo. Alifunga majeraha kwa mafuta na divai, akampakia majeruhi kwenye mnyama wake, akamuuguza kwenye nyumba ya wageni, kesho yake akaacha dinari mbili na ahadi ya kulipa zaidi akirudi. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Basi alitoa ujira wa siku mbili, akaendelea na safari yake, lakini alikuwa amekwisha kupanga kurudi.

Nasi tupange. Piga simu kabla ya kwenda, uongee na anayeuguza, umuulize saa ambayo mgonjwa ameshaoga na kula. Jumuiya nzima ikiingia kwa mpigo, viti vinaazimwa kwa jirani, mtoto anatumwa soda kwa mkopo, na mama anaacha kumgeuza mgonjwa ili achemshe chai ya wageni. Wawili au watatu wanatosha, na nusu saa inatosha.

Keti karibu, macho yenu yalingane. Kiharusi kinaweza kumnyang'anya mtu maneno kikamwachia akili timamu, kwa hiyo usimjadili mbele yake kana kwamba hayupo. Muulize swali moja moja, na umpe nafasi ya kujibu hata kwa kutikisa kichwa. Ukikosa la kusema, nyamaza. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku bila kusema neno, na hapo walikuwa wafariji wema. Walipoanza kumtafutia dhambi iliyomponza ndipo walipomwongezea maumivu. Bado tunawaiga. Tunauliza nani kamroga, au tunasimulia jinsi fulani mwenye ugonjwa huohuo alivyokufa.

Lililo baya kuliko yote ni kumshawishi mgonjwa aache dawa za presha, za kisukari au ARV ili athibitishe imani. Ushauri huo unaua. Yakobo 5 inaagiza wazee wa kanisa waitwe wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta. Haiagizi daktari afukuzwe. Na kwa Wakatoliki, Mpako wa Wagonjwa si wa anayekata roho peke yake. Mwiteni padre mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kuitikia sala.

Kuhusu zawadi, uliza kinachopungua. Mara nyingi ni nepi za watu wazima, sabuni ya unga au nauli ya kliniki. Pesa mpe anayeuguza mkononi, bila kupiga picha ya kurusha kwenye kundi la WhatsApp.

Lakini kikubwa kuliko vyote ni kumpokea anayeuguza zamu kwa saa mbili, alale au aende sokoni. Kabla hajatoka, akuonyeshe kazi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, asipate vidonda vya mgandamizo. Kagua visigino, nyonga na chini ya mgongo, na ukiona ngozi imebadilika rangi au ina joto, mwambie anayeuguza. Mgonjwa anapokula akae wima, kijiko kidogo kidogo. Akipaliwa, acha kumlisha; ikijirudia, familia iombe ushauri kituo cha afya. Huenda akakukaripia, hata kukutemea uji. Kuwavumilia wasumbufu nako ni tendo la huruma, katika yale saba ya kiroho.

Peke yako utachoka. Maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya ndogondogo za Kikristo kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, walitupa chombo kinachoifaa kabisa kazi hii, na Walutheri wanazo jumuiya zao za nyumba kwa nyumba. Kwenye mkutano wa wiki hii, kabla ya matangazo, tajeni wagonjwa wa muda mrefu waliomo katika eneo lenu, kisha mwandike zamu: nani Jumanne, nani Alhamisi. Mtu asipewe zaidi ya mara mbili kwa mwezi. Anayesafiri aseme mapema, mbadala apatikane kabla ya siku yenyewe.