SOMO: KUPANDA NA KUVUNA MAFUNJO



Mafunjo ni mmea wa asili wa mabwawa na kingo za maziwa ya Afrika. Warundi na Wanyarwanda huuita urufunzo, na Waganda huuita ebitoogo. Shina lake ni la kijani lenye pembe tatu, juu lina kishungi kama nywele, na huweza kufikia urefu wa mita 4 hadi 5.

Faida zake

Mashina ya mafunjo hutupatia virago, mikeka, vikapu, vifaa vya kuezekea na vya kuzungushia bafu. Katika miaka ya 2000, Dkt. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni pedi za hedhi zinazotokana na mafunjo na karatasi zilizotumika, na wakimbizi wa Kyaka II walishiriki kuzitengeneza.

Kuna faida nyingine isiyoonekana haraka. Mvua inaponyesha, maji huchukua udongo na uchafu kutoka mashambani na kuteremka nao ziwani. Mafunjo huyapunguza kasi maji hayo na kukamata tope. Maji ya bomba katika sehemu nyingi za makazi yetu hutoka Ziwa Nakivale. Kwa hiyo anayefyeka ukingo wote wa ziwa anachafua ndoo yake mwenyewe na ya jirani yake. Ardhi oevu ya maziwa Mburo na Nakivale iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya kimataifa ya Ramsar ili ilindwe.

Tukipanda mafunjo yetu karibu na nyumbani, tutapunguza safari ndefu za akina mama na watoto, ugomvi na wenyeji, na uharibifu wa ziwa.

Jinsi ya kupanda

1. Chagua mahali penye unyevu mwaka mzima na jua la kutosha: bondeni, au mwisho wa mtaro wa maji ya kunawa. Pawe mbali na bomba na kisima. Kwanza omba ruhusa kwa kamati ya kijiji na ofisi ya makazi.

2. Mbegu ni ndogo sana, hivyo ni rahisi zaidi kupanda vipande. Chini ya mafunjo kuna shina nene linalolala matopeni. Kata kipande cha shibiri moja chenye machipukizi mawili au matatu. Chukua vichache tu, hapa na pale, usichimbue sehemu nzima.

3. Punguza mashina marefu ya kipande hicho yasiangushwe na upepo.

4. Panda mvua zinapoanza. Laza kipande ndani ya tope, machipukizi yakitazama juu, kisha kikandamize kwa jiwe kisielee. Maji yasizidi kina cha vidole vinne. Acha hatua moja kati ya kipande na kipande.

5. Kwa miezi miwili ya mwanzo tope lisikauke. Ng'oa magugu, na weka uzio, kwa maana ng'ombe na mbuzi hupenda machipukizi.

Jinsi ya kuvuna

Mwaka wa kwanza usikate. Baada ya hapo gawa shamba lako katika sehemu nne. Vuna sehemu moja kwa zamu, na kila sehemu ipumzike miezi 12 kabla ya kukatwa tena. Shina lililokatwa halichipui. Mashina mapya hutoka kwenye lile shina nene la chini. Ukilichimbua au kulichoma moto, shamba limekwisha. Kata juu ya maji, na yaache mashina machanga ambayo vishungi vyake havijafunguka.

Tahadhari

- Kichocho huambukizwa kwa kuingia kwenye maji yenye konokono. Vaa buti za mpira, na usiwaache watoto wacheze humo.
- Usichimbe dimbwi la maji ya wazi karibu na nyumba, litazaa mbu. Wengine hudhani kuwa kufyeka bwawa lote huondoa malaria. Utafiti wa Kabale uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa mabwawa yaliyofyekwa na kulimwa yalikuwa na joto zaidi kuliko yale yenye mafunjo, na hatari ya malaria ilikuwa kubwa zaidi kandokando yake. Endelea kulala ndani ya chandarua.
- Usipande gugu maji lenye maua ya zambarau. Hilo si la asili ya Afrika, lilitoka Amerika ya Kusini, na huziba maziwa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, mafunjo hukatwa wapi, na nani huyakata?
2. Ni mahali gani penye unyevu pasipolimwa chakula, ambapo tunaweza kupanda?
3. Nani atasimamia zamu za kuvuna, na mgeni atakayefika kesho atapataje sehemu yake?