Twende Tukautembee Msitu wa Ngezi



Tuseme mgeni amefika kijijini kwako. Ametoka nchi ya mbali. Anakuuliza: "Je, katika msitu wenu wa Pemba nitamwona chui milia?" Wewe utamjibu nini?

Wengi wetu tutacheka na kusema, "Hayupo." Lakini mgeni akiuliza, "Kwa nini hayupo? Na nani yupo?" hapo tutanyamaza. Si vizuri mgeni aijue nchi yetu kuliko sisi wenyewe. Katika somo hili tutautembea Msitu wa Ngezi pamoja na kiongozi. Tutaona nani anaishi humo, nani alikaribia kutoweka, na nani aliyemwokoa.

1. Kwa nini chui milia hayupo

Chui milia ni mnyama wa Asia. Anaishi India, Bangladesh, Nepal, Urusi na nchi nyingine za huko. Katika mapori ya Afrika hayupo hata mmoja.

Na chui wetu, yule mwenye madoadoa? Bara yupo. Unguja pia aliishi. Lakini Pemba hakufika. Sababu yake iko chini ya bahari.

Hapo kale sana maji ya bahari yalishuka. Mkondo kati ya Unguja na bara si wa kina kirefu, kwa hiyo palikuwa nchi kavu. Wanyama walipita kwa miguu. Mkondo wa Pemba si hivyo. Kina chake ni zaidi ya mita 700. Bahari iliposhuka, mkondo huu haukukauka. Chui alibaki ng'ambo.

Wenye mabawa waliweza kuvuka. Walifika Pemba, wakakaa peke yao miaka mingi sana, vizazi kwa vizazi. Polepole wakawa tofauti na jamaa zao. Ndiyo sababu leo Pemba ina ndege wanne na popo mmoja ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Hii ndiyo habari ya kumwambia mgeni.

2. Msitu wa Ngezi

Zamani sehemu kubwa ya Pemba ilikuwa msitu. Watu walikata miti ili wapate mashamba, hasa ya mikarafuu. Msitu mkubwa uliobaki ni Ngezi. Uko kaskazini magharibi ya kisiwa. Ukitoka Konde, barabara hupita katikati ya msitu, kisha huendelea hadi Vumawimbi na Rasi ya Kigomasha. Msitu una zaidi ya hekta 1,400. Ni hifadhi ya Serikali. Hairuhusiwi kukata miti wala kuwinda humo.

3. Kabla ya kuingia

Usiingie msituni peke yako. Fika kwanza kwenye ofisi ya wasimamizi wa msitu, kando ya barabara. Hapo utapata kiongozi. Yeye anazijua njia na sauti za ndege. Bila yeye utapita chini ya bundi na hutamwona.

Ofisini kisomo chako kitakufaa. Soma ubao wa bei wewe mwenyewe. Andika jina lako katika kitabu cha wageni. Ukilipa, omba stakabadhi. Soma kiasi kilichoandikwa, kisha itie mfukoni.

Jiandae hivi:

(a) Nenda mapema, baada ya sala ya alfajiri. Ndege huonekana zaidi asubuhi. Jua likiwa kali, wengi hunyamaza.

(b) Vaa viatu vya kufunika miguu na nguo ya mikono mirefu. Msituni kuna miiba, mbu na nyoka.

(c) Usivae nguo nyeupe wala nyekundu. Ndege wana macho makali. Rangi ya majani au ya udongo ni bora.

(d) Chukua maji ya kunywa, daftari na kalamu.

(e) Ukiwa na darubini, ichukue. Ukiwa huna, macho na masikio yanatosha.

(f) Zima redio na simu. Sema kwa kunong'ona.

4. Tunaingia

Sasa fuata nyuma ya kiongozi. Ukitoka kwenye jua na kuingia ndani, hewa inakuwa baridi. Juu kuna mivule mirefu. Chini kuna giza na harufu ya majani yaliyooza.

Kiongozi atakuonyesha mpapindi. Huu ni mti wa jamii ya mnazi na mpopoo. Shina lake ni jembamba na lina pete pete. Mpapindi wa porini ni wa Pemba tu.

Atakuonyesha pia migomba mwitu. Asili yake ni Asia, kama chui milia. Basi, mgeni wako akisikitika kuwa hakumwona chui, mwonyeshe mgomba huu.

Kiongozi akisimama, simama nawe. Akiinua mkono, usikohoe. Huenda ameona tumbili juu ya tawi, au paa mdogo amejificha kichakani. Katika miaka ya 1970 waliletwa pia kima punju wachache kutoka Unguja. Hao si rahisi kuwaona. Msitu si bustani ya maonyesho. Wanyama hawakai mahali pamoja kukungojea. Mwenye subira ndiye anayeona.

5. Ndege wanne wa Pemba

Wa kwanza ni ninga wa Pemba. Ni njiwa wa rangi ya kijani. Kichwa na kifua chake ni vya kijivu. Hula matunda juu ya miti. Akitulia ndani ya majani, ni vigumu kumtambua. Tazama tawi linalotikisika bila upepo.

Wa pili ni chozi wa Pemba. Ni mdogo sana. Mdomo wake ni mwembamba na umepinda. Huutia ndani ya ua akanywa utamu wake. Dume hung'aa kijani na zambarau juani. Huyu huna haja ya kumfuata msituni. Hufika hata kwenye maua ya uani kwako.

Wa tatu ni ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, kama mtu aliyevaa miwani. Hutembea kwa makundi na hula wadudu wadogo na matunda.

Wa nne ni bundi mdogo wa Pemba. Urefu wake ni kama sentimita 20 tu, yaani kiasi cha kiganja na vidole vyake. Mchana hulala. Usiku hutoa sauti moja fupi, "huu", hunyamaza kidogo, kisha huirudia. Ili umwone, mwombe kiongozi akupeleke wakati wa magharibi au usiku.

Hapa tuseme kweli. Watu wengi humwogopa bundi. Husema akilia karibu na nyumba, mtu atakufa. Wengine humpiga mawe. Lakini fikiri: bundi hulia kila usiku, na watu hawafi kila usiku. Kazi yake ni kutafuta wadudu. Anaishi msituni na katika mashamba ya mikarafuu pia. Ukimuua bundi wa Pemba, umepunguza kitu ambacho dunia nzima haina pengine pa kukipata.

6. Popo aliyekaribia kutoweka

Sasa tumtazame popo wa Pemba. Huyu si popo mdogo wa darini. Akikunjua mabawa, upana wake ni kiasi cha mita 1.6, karibu na urefu wa mtu. Mchana hujining'iniza mtini kichwa chini. Jioni huondoka na wenzake kutafuta matunda. Jamaa zake wa karibu wako Mafia, Komoro, Madagaska na Asia. Afrika bara hawapo.

Zamani popo hawa waliwindwa kwa nyama. Wawindaji wa kale walipata wachache. Zilipokuja bunduki, mtu mmoja aliweza kuangusha wengi kwa siku moja. Wakati huohuo miti mirefu wanayolalia ilikuwa ikikatwa. Tena popo jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Wakifa wengi, pengo halizibiki upesi.

Mwaka 1989 wataalamu walikuja kuwatafuta. Waliona wachache sana. Ilidhaniwa popo wa Pemba wanakwisha.

Ni nani aliyewaokoa? Wasimamizi wa misitu na wataalamu walisaidia. Lakini popo hulala karibu na vijiji, tena wengine kwenye miti ya makaburini. Hakuna askari anayeweza kulinda kila mti. Walioweza ni wanavijiji. Waliunda vikundi vya kuwalinda. Walifundishana na kukatazana kuwapiga risasi. Kule Kidike, kaskazini ya Chake Chake, wanakijiji walilinda miti ya popo, na wageni wakaanza kulipa ili waje kuwaona.

Tazama hesabu hii:

Mwaka 1989: wachache tu walionekana.
Mwaka 1995: kiasi cha 5,000.
Kufikia mwaka 2007: zaidi ya 20,000.

Hatari haijakwisha. Miti ikikatwa tena, hesabu itarudi nyuma. Lakini tumejifunza kwamba kitu kinachopotea kinaweza kurudishwa.

Na chui milia je? Habari yake inafanana na hii. India ilianzisha mpango wa kumlinda mwaka 1973. Hata hivyo ujangili uliendelea, na hesabu ya mwaka 2006 ilionyesha chui milia 1,411 tu. Ulinzi ukaongezwa. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha zaidi ya 3,600. Wao wana chui wao. Sisi tuna popo wetu.

7. Sisi tunapata nini?

Mkulima anaweza kuuliza: "Popo anakula maembe yangu. Kwa nini nimlinde?" Swali hili ni la haki, na linataka jibu.

Ni kweli popo hula maembe, mashelisheli na matunda mengine. Lakini hubeba mbegu na kuziangusha mbali. Hubeba pia unga wa maua kutoka mti mmoja hadi mwingine, na maua hayo huzaa. Popo ni mkulima wa usiku asiyelipwa.

Msitu nao hutunza udongo ili mvua isiuchukue. Huhifadhi maji. Tena huleta wageni, na wageni huhitaji kiongozi, chakula na usafiri. Kijana wa Konde anayewajua ndege na anayejua kusoma na kuandika anaweza kuwa kiongozi huyo.

Lakini faida ikienda kwa watu wachache, wengine watarudi na mashoka. Kwa hiyo kikundi cha kijiji kiandike mapato na matumizi katika daftari, na daftari lisomwe mkutanoni mbele ya wote. Wewe uliyehitimu kisomo, usikubali kuambiwa hesabu kwa mdomo tu. Omba kuisoma.

8. Mambo ya kukumbuka

Usiwapigie makofi wala kuwarushia mawe popo ili waruke. Usiku ndipo wanapofanya kazi, mchana wanapumzika. Usimshike popo, hai au mfu. Usile tunda alilolitafuna. Usichume mmea msituni. Takataka zako rudi nazo.

Sasa mgeni akija na swali lake, mjibu hivi: "Chui milia hatuna. Yeye ni mnyama wa Asia. Lakini tuna ndege wanne na popo mmoja ambao kwenu hawapo, na kwingine kote hawapo. Karibu, twende ukawaone."

Maneno ya kujifunza

Mkondo: njia ya bahari kati ya nchi mbili.
Hifadhi: mahali panapolindwa kwa sheria.
Darubini: chombo cha kutazamia vitu vya mbali.
Stakabadhi: hati ya kuonyesha kuwa umelipa.
Ujangili: kuwinda kinyume cha sheria.

Maswali

1. Kwa nini chui alifika Unguja, lakini hakufika Pemba?
2. Taja ndege wawili wa Pemba. Utawatambuaje?
3. Toa sababu mbili zilizofanya popo wapungue.
4. Kati ya mwaka 1995 na 2007, popo waliongezeka kwa kiasi gani?

Mazungumzo ya darasa

Je, katika kijiji chenu watu wanasemaje juu ya bundi na popo? Mkulima ambaye maembe yake yameliwa atendewe nini?

Kazi ya nyumbani

Kesho asubuhi kaa chini ya mti kwa nusu saa. Andika katika daftari lako ndege unaowaona: rangi, ukubwa, sauti na chakula chao. Kama hujui jina la ndege, waulize wazee. Lete daftari darasani, umsomee mwenzako.