Kutoka Mwarobaini hadi Nairobi: Urithi wa Wanakemia Hubebwa Vipi?



Katika darasa zetu tunapenda kuwataja Jabir bin Hayyan na Abu Bakr al-Razi. Ni haki yao kutajwa. Al-Razi aliorodhesha vyombo vya maabara na kueleza hatua za kazi ili mwingine aweze kuzirudia. Lakini kutaja majina si kurithi. Mwanakemia huacha swali na njia ya kulijibu, na vyote viwili hufa visipopata wa kuviendeleza. Leo tutazame taasisi moja ya jirani zetu iliyofanya kazi hiyo: icipe ya Nairobi, kituo cha utafiti wa wadudu.

1. Swali lilianza Sudan

Hapa Juba Na Bari mwarobaini tunauita nim, na tunakaa kivulini mwake kila siku. Mwaka 1959, tulipokuwa bado nchi moja na Sudan, nzige waliivamia nchi. Mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, aliona mimea mingine imeliwa, mwarobaini ukabaki na majani yake. Wengi waliuona mti ule, ila yeye aliuliza kwa nini.

Mwaka 1968 Butterworth na Morgan, huko Uingereza, walitenga katika mbegu za mwarobaini kitu kinachomfanya nzige wa jangwani akatae kula. Kinaitwa azadiraktini. Aidha, huvuruga homoni za kujivua ngozi, hivyo mdudu mchanga hushindwa kukua.

2. Taasisi ilizaliwa

Mwaka 1970 Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya, alianzisha icipe. Mwanakemia Carl Djerassi alikuwa ametetea hoja kwamba vituo bora vya utafiti vijengwe katika nchi zinazoendelea zenyewe. Wanakemia wakubwa, akiwemo Koji Nakanishi wa Japani na Jerrold Meinwald wa Marekani, walikuwa miongoni mwa wakurugenzi wake wa mwanzo wa utafiti.

Kazi yao ilifuata mimea ya Afrika Mashariki. Mwaka 1976 Isao Kubo, Nakanishi na wenzao walitangaza warbuganali, kitu kinachowazuia viwavijeshi kula, kutoka katika miti ya Warburgia. Kundi la Nakanishi lilipendekeza pia umbo la azadiraktini mwaka 1975. Wengine walilisahihisha, na umbo kamili likajulikana mwaka 1985. Hapa pana adabu ya elimu: mwanafunzi hamheshimu mwalimu kwa kuacha kupima alichosema.

3. Kutoka chupa hadi shamba

Huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, Zeyaur Khan wa icipe na John Pickett wa Rothamsted, Uingereza, walibuni kilimo cha "sukuma-vuta" miaka ya 1990. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na harufu yake humfukuza nondo wa bungua, yule kiwavi anayetoboa bua. Pembezoni hupandwa majani ya tembo, ambayo humvuta akatage huko. Mizizi ya desmodiamu nayo hutoa kemikali zinazozuia kiduha. Mkulima hahitaji kununua sumu: mimea yenyewe ndiyo maabara.

Na tangu mwaka 1983 icipe ina programu ya kuwalea watafiti wa Kiafrika hadi shahada ya uzamivu. Kwa njia hiyo swali huishi kuliko aliyeliuliza.

4. Sisi je?

Nasikia wenzangu wakisema kwamba kusoma kemia Juba ni kupoteza miaka, kwa kuwa hatuna mashine. Ni kweli mashine ni chache. Lakini mwaka 2017 viwavijeshi vamizi viliingia katika mahindi yetu, na Februari 2020 nzige wa jangwani walifika Magwi. Anayekosa chakula ni mama mwenye shamba dogo, na hawezi kungoja mpaka tukamilishe vifaa. Schmutterer alianza kwa macho na daftari, na hivyo viwili tunavyo.

Maswali ya kujadili

1. Ni mmea gani kwenu wadudu hawaugusi? Wazee wanautumiaje?
2. Utaandikaje ulichokiona ili mwenzako akirudie na kukipima?
3. Ukihitimu, nani atabaki na daftari lako?

Tuanze na la tatu. Kila mwaka tunahitimu na kuondoka na maswali yetu. Napendekeza jumuiya yetu iwe na daftari moja la pamoja, lipokelewe na kila kundi jipya, inshallah.