Somo la Kikundi: Dalili za Vuli na Bustani ya Mboga



Huku Ukambani, kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba, wazee wetu hutazama dalili: migunga kuchipua kungali kiangazi, upepo kugeuka, siafu kuhama. Tusizidharau. Lakini zinatuambia mvua iko karibu, hazituambii itakaa wiki ngapi. Tangu vuli ya 2020 mvua ilikuwa haba misimu mitano mfululizo; vuli ya 2023 ikaleta mafuriko.

Hasara kubwa ni ile mvua ya kwanza ya kutudanganya. Mbegu inaota, jua linaichoma, na mama hana pesa ya kununua nyingine. Kwa hivyo tufanye hivi:

1. Tusikilize utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa redioni, tuulinganishe na dalili za wazee.
2. Tuchimbe vitanda vya kuzama mapema, tuchanganye samadi iliyooza.
3. Mvua ikinyesha, tufukue. Unyevu usipopita urefu wa kiganja, tungoje.
4. Tupande nusu ya mbegu za kunde na mchicha, nusu tuiweke.
5. Miche ya sukuma ikae kitaluni, chini ya kivuli, kama wiki nne.
6. Tufunike udongo kwa nyasi kavu ili unyevu usipotee.

Ya kujadiliana: Vuli iliyopita, ni dalili gani ilitimia, na gani ilitudanganya? Katibu aandike majibu kwenye daftari la kikundi, tuyasome tena mwakani.

Mungu hutupa mvua. Jembe ni letu.