Safari ya Jahazi Kutoka Tanga Hata Unguja

Maji yapitayo katika mifongo ya vihamba vyetu, huko Kibosho na Marangu, hayakai mlimani. Yasiyonywewa na migomba na kahawa hushuka mitoni, huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo huchukuliwa na mto Pangani hata Bahari ya Hindi. Upepo nao huja kwa njia ya kinyume: ule uletao masika upande wetu wa mlima hutoka baharini. Basi mtoto wa Moshi, ijapokuwa hajaiona bahari, ni jirani yake. Katika somo hili tutasafiri kwa jahazi kando ya pwani, kutoka Tanga, mji uliounganishwa na Moshi kwa reli mwaka 1911, mpaka Unguja.

Kabla ya kutweka tanga yatupasa kuujua upepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, na kusi huvuma tangu Aprili hata Septemba au Oktoba. Sababu yake ni nchi kubwa ya Asia. Katikati ya mwaka nchi ile hupata joto kali. Hewa yake hupanda juu, na hewa ya baharini hukimbia kutoka kusini kujaza mahali pake. Mwisho wa mwaka nchi ile hupoa, na hewa hugeuka kuja kwetu. Kati ya pepo hizo mbili kuna majuma ambayo upepo hauna msimamo. Wakati huo huitwa tangambili, na nahodha mwenye busara hukaa bandarini akishona matanga yake.

Twaondoka alfajiri, mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma nyuma yetu. Hata hivyo mwendo haupatikani bure, maana mkondo wa bahari katika pwani hii huenda upande wa kaskazini mwaka mzima, nao hulivuta jahazi nyuma. Kushoto, kuelekea Pemba, bahari ni ya buluu iliyokoza, na kina chake ni mamia ya mita. Kulia kuna mikoko na minazi, na mbali nyuma yake milima ya Usambara. Msafiri huitazama milima kwa uzuri wake. Nahodha huitazama ili ajue mahali alipo. Huyasoma na maji pia: yakiwa ya kijani kilichofifia, mchanga au matumbawe yako karibu; yakifanya povu jeupe mahali pamoja, pana mwamba. Na chini ngamani, ambamo hukusanyika maji yavujayo, mabaharia huyateka mchana na usiku.

Kusini kidogo ya Tanga twafika Mtangata, ndipo Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale yenye nguzo. Hapa yafaa tukawie. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 Wareno wa Vasco da Gama walipita, na merikebu yao moja, iliyoitwa São Rafael, ikapanda mwamba, hata maji yalipojaa ikaelea tena. Huko Malindi walipewa rubani ajuaye njia, wakang'oa nanga tarehe 24 Aprili, kusi ilipokuwa ikianza, na kabla ya majuma manne kutimia walikuwa wamefika Bara Hindi. Lakini wakati wa kurudi hawakungoja upepo. Waliiacha pwani ya Hindi mwanzo wa Oktoba, kaskazi ikiwa bado haijakaza. Mara bahari ikatulia kabisa, mara upepo ukawapinga, na njia ileile ikawachukua karibu miezi mitatu. Kwa kukosa matunda na mboga fizi zao zilivimba hata zikafunika meno, na watu wapatao 30 wakafa. Walipofika tena Mtangata, Januari 1499, waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Wakapakua vitu vya São Rafael, wakaichoma moto karibu na mwamba ule uliokuwa umeishika mwaka uliotangulia. Walikuwa mabaharia hodari, nami sikatai. Lakini mvuvi wa Pangani asiyejua kusoma angaliwaambia wangoje.

Jambo hili si la bahari yetu peke yake. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, Paulo alisafiri kando ya Bahari ya Mediterania, kutoka Kaisaria na Sidoni, akipita Kipro, hata kisiwa cha Krete. Majira mema yalikuwa yamekwisha, naye akawaonya. Wenye chombo wakapenda bandari nyingine iliyo bora zaidi, na tufani ikawachukua siku 14 mpaka Malta. Siku hizi watu wenye mali huizunguka pwani ileile kwa mashua za anasa, wakitia nanga kila jioni mahali papya. Hufanya hivyo wakati wa kiangazi. Baridi ikija, wengi huzifunga mashua zao bandarini.

Mchana twaona mlango wa mto Pangani. Chombo kikubwa hakiingii ovyo, maana pana fungu la mchanga, na lazima kungoja maji kujaa. Maji ya hapo yamechanganyika na udongo, na sehemu yake imetoka kwetu mlimani. Hapo twauacha mwambao na kuvuka hata Unguja.

Zamani majahazi makubwa ya Uarabuni yalifika bandari hii kwa kaskazi, yamepakia tende na samaki wa chumvi, nayo hurudi kwa kusi yakiwa na boriti za mikoko. Nahodha aliyekawia katika biashara hata kusi ikawa kali mno alilazimika kukaa miezi mingi. Siku hizi majahazi mengi yana mashine. Lakini sisi, tukitaka kurudi Tanga kwa tanga tu, ama tupige bisho siku nyingi, ama tungoje Aprili, wakati ambapo huko mlimani masika yamekwisha kuanza.

Maswali. Kwa nini kwenda kulikuwa kwepesi kwa Vasco da Gama, na kurudi kukawa kugumu? Nahodha hujuaje penye mwamba? Chora njia ya maji ya mfongo ulio karibu na kwenu, mpaka baharini.