Somo la Afya: Kijana Anapoanguka Ghafla, na Kipimo cha Moyo



Katika somo hili tumeona vema tuzungumzie jambo ambalo huleta kilio na, baada ya kilio, huleta ugomvi. Kijana mwenye nguvu, ambaye jana alikuwa shambani akipiga matuta, leo anaanguka kiwanjani akicheza mpira, au njiani akipanda mlima kutoka bonde la Ziwa Rukwa, wala hainuki tena. Hakuwa mgonjwa. Hakupata kulazwa. Basi kabla matanga hayajaanuliwa watu wanaanza kuulizana ni nani aliyemtazama vibaya, na mara nyingi kidole huelekezwa kwa mama mzee asiye na mtetezi. Sisi wa Ufipa twajua jinsi mkoa wetu unavyosemwa huko nje kwa habari za uchawi, na wengine hufanya mzaha. Kwa yule mama anayefukuzwa nyumbani kwake si mzaha.

Vifo vya namna hii vina sababu nyingi. Leo tunaitazama moja, maana ina kipimo, na kipimo hicho kipo hapa nchini.

Tuchukue kifo kilichoonekana na dunia nzima. Tarehe 26 Juni 2003, mjini Lyon, Ufaransa, timu ya Kameruni ilikuwa ikicheza na Kolombia katika nusu fainali ya Kombe la Mabara. Dakika ya 72 Marc-Vivien Foé, mchezaji wa kiungo mwenye umri wa miaka 28, alianguka katikati ya uwanja pasipo kuguswa na mtu. Alikufa siku hiyo hiyo. Maiti ilipochunguzwa ilionekana kwamba misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa kwa ugonjwa ambao madaktari huuita haipatrofiki kadiomayopathi. Huyu alikuwa mtu wa kulipwa kwa nguvu za mwili wake, tena mwenye madaktari wa timu. Je, tushangae kwamba kijana wa kijijini aweza kuwa nao bila kujua?

Ugonjwa wenyewe ni huu. Moyo ni pampu ya nyama yenye vyumba vinne. Chumba cha chini cha kushoto ndicho kinachosukuma damu mwilini mwote. Kwa mwenye ugonjwa huu ukuta wa chumba hicho, hasa ule unaokitenga na chumba cha kulia, hunenepa bila kulazimishwa na presha wala kazi nzito. Nafasi ya damu hupungua, na moyo hushindwa kulegea vizuri ili ujae. Kwa wengine nyama hiyo husonga njia ya damu ya kutokea. Zaidi ya hayo, nyuzi za nyama hazikupangika sawasawa, kwa hiyo umeme unaoongoza mapigo huweza kupotea njia, moyo ukatetemeka tu badala ya kupiga. Hapo ndipo mtu huanguka.

Mwaka 1958 Donald Teare, daktari mchunguzi wa maiti mjini London, aliandika habari za mioyo ya namna hii, karibu yote ya vijana waliokufa ghafla. Baadaye ilijulikana wazi kwamba ugonjwa hurithiwa. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuurithi. Jambo hili tulifikirie sana. Nyumba ikifiwa na vijana wawili kwa namna moja, watu husema ukoo umerogwa. Kumbe huenda kinachopita katika ukoo ni urithi, kama urefu wa mwili au umbo la pua. Uchunguzi wa Marekani ulikadiria mtu 1 katika kila 500, na wengi wao huishi mpaka uzee.

Sasa kipimo. Huitwa eko, nayo ni altrasaundi ya moyo. Hutumia sauti kali ambazo sikio la mtu haliwezi kuzisikia. Zikigonga ukuta wa moyo hurudi kama mwangwi, na mashine huzigeuza kuwa picha. Popo hujua njia yake gizani kwa namna hiyo hiyo. Mwaka 1953 mjini Lund, Sweden, daktari Inge Edler na mtaalamu wa fizikia Hellmuth Hertz waliutazama moyo wa mtu aliye hai kwa mashine iliyotengenezwa kukagua nyufa ndani ya chuma. Walikuwa wameijaribu kwanza katika karakana ya meli mjini Malmö. Hakuna kisu wala sindano, wala miale kama ya eksirei. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, hupakwa mafuta ya ute kifuani, na mpimaji hupitisha kifaa kidogo juu ya ngozi.

Mpimaji hutafuta nini? Kwanza unene. Ukuta wa moyo wa mtu mzima kwa kawaida hauzidi milimita 12 hivi. Ukifika 15 au zaidi, bila sababu nyingine, ugonjwa huu hufikiriwa. Kwa aliye na ndugu wa damu mwenye nao, hata 13 zatosha. Ukifika 30, hatari ya kifo cha ghafla huongezeka. Kisha huangalia mwendo wa damu, na huenda akamwambia mgonjwa ajikaze kama anayesukuma choo, ili aone kama njia ya kutokea damu inasongwa.

Hapa pana mtego. Presha nayo hunenepesha moyo, na kwetu ni ya kawaida mno: katika uchunguzi wa wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kufanya kazi, uliofanywa Muhimbili na kuandikwa mwaka 2014, asilimia 45 walikuwa na presha kama chanzo. Kwa hiyo daktari hasomi picha peke yake. Atapima presha, atachukua kipimo cha umeme wa moyo, na atauliza habari za ukoo. Kosa likitokea ni kubwa, kwani baadhi ya dawa za presha zinazotanua mishipa, kama nifedipini, huweza kumzidishia hali yule ambaye njia yake ya damu imesongwa. Hata hivyo asiwepo mtu wa kuacha dawa zake kwa kusoma gazeti hili. Aulize kwanza.

Aliyegunduliwa hupewa mara nyingi dawa za kutuliza mapigo, kama propranololi au atenololi, na wengine verapamili. Huambiwa asikae na kiu, na aulize ni mchezo upi na kazi ipi vinamfaa. Wengine hupunguzwa nyama kwa upasuaji, au huwekewa chombo kifuani cha kushtua moyo unapopotea njia. Hayo ni ghali sana. Eko hurudiwa ili kuona kama njia inafunguka.

Dalili za kupeleka mtu mbele ni kuzimia wakati wa kazi au mchezo, maumivu ya kifua, pumzi kukatika, na moyo kwenda mbio ovyo. Aanzie kituo cha afya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapo Sumbawanga, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Juu kabisa ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015. Kabla ya kupanda basi ulizeni kama mpimaji wa moyo yupo na gharama ni kiasi gani, maana mashine ya kuangalia mimba si lazima iwe na kifaa cha moyo.

Na yule aliyekwisha kuzikwa bila kuchunguzwa? Shahidi waliobaki ni mioyo ya wazazi wake, ndugu zake na watoto wake. Wakipimwa na mmoja akaonekana nao, yule mama mzee amepata jibu la kuwapa wanaomsema. Wakikutwa wazima, bado hilo si ushahidi juu yake. Wazee wa ukoo waandike kwenye karatasi majina ya waliokufa ghafla, umri wao na walichokuwa wakifanya, waipeleke kwa daktari. Kwa mtoto, kipimo kizuri cha leo hakitoshi: arudi kila baada ya mwaka 1 au 2 mpaka akue, na mtu mzima kila miaka 3 hadi 5.